Mume Wangu Ameitengeneza Pikapu, Sasa Mimi Ndiye Niliyeharibikiwa

Mpendwa Shangazi wa Ukurasa wa Saba,

Nimepoteza dakika tatu, na siku na saa zilipopotea nazijua: Jumapili ya tarehe nne mwezi huu, saa kumi na nusu alasiri, uani kwangu mwenyewe, nikitazama kwa macho yangu mawili, mume wangu akiwa amelala chali chini ya usukani na bisibisi mkononi, anacheka kwa furaha. Naomba msaada wako nizipate tena. Najua utauliza dakika tatu ni kitu gani, lakini nisome mpaka mwisho kabla hujaniita mwendawazimu, maana mimi silalamiki bila hesabu.

Nianze na gari, kwa sababu bila gari hutanielewa. Mimi nina duka la vigae vya sakafu na vya ukutani, nauza na kuvifikisha kwa mteja, nilianza na mkokoteni wa kukodi, boksi sita kwa safari, sikurithi kitu wala sikushikwa mkono na mjomba, na pikapu niliinunua mwenyewe ikiwa imeshatembea kilomita elfu tisini na sita. Injini yake ni dizeli ya silinda nne, lita mbili na nusu, ina turbo na kile kipoza hewa chake kinachokaa mbele, nguvu za farasi mia moja thelathini na sita, na nguvu yake ya kuvuta inakuja mapema, mizunguko elfu moja na mia nane tu tayari unasikia mgongo unasukumwa kwenye kiti. Tani moja ya vigae, yaani boksi arobaini za kilo ishirini na tano, inabeba bila kuguna, ilimradi uiheshimu. Oili ni lita saba, namwaga kila kilomita elfu tano na si elfu kumi kama wanavyofanya wavivu, na maji yanayotuama chini ya filta ya dizeli nayafungulia kila Jumatatu asubuhi, kwa sababu maji yakifika kwenye nozeli, umekwisha.

Mwaka wa kwanza niliua turbo. Nilikuwa napanda barabara ya mlimani na tani nzima, nafika juu kwa mteja, nazima papo hapo ili nibane dizeli, najiona mjanja kuliko madereva wote wa mji, na mwezi wa nane gari likaanza kupiga mluzi, kisha likatoa moshi wa buluu, kisha likakosa nguvu likawa linapitwa na baiskeli. Nikalipeleka kwa fundi tunayemwita Masikio, kwa sababu huisikiliza injini kwanza ndipo aiguse. Akafungua, akanionyesha mhimili wa turbo, mwembamba kama kidole changu cha mwisho, umegandiwa na oili iliyoungua ikawa nyeusi na ngumu kama sukari iliyosahauliwa kwenye sufuria. Akanieleza kwamba kitu kile huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na kinachokilinda kisijile chenyewe ni utando mwembamba wa oili tu, ukizima injini ikiwa ya moto pampu ya oili inasimama na ile oili iliyobaki mle ndani inakaangwa. Maneno yake nayakumbuka neno kwa neno: "Ukishapanda na tani nzima, iachie dakika tatu ingurume taratibu, ndiyo uzime." Tangu siku hiyo ikawa sheria. Kila kituo, dakika tatu kwa saa ya mkononi, mkono kwenye ufunguo na mguu kwenye breki, kwa kuwa breki ya mkono ilikuwa imelegea, sizimi na sishuki. Turbo ya pili iko hai mpaka leo, miaka tisa na ushee.

Sasa aingie mama mkwe.

Mama mkwe hakunipenda, na mimi sikumpenda, na hatukufichana. Siku ya harusi alinishika mkono, akaugeuza, akazitazama kucha zangu, akauliza mbele ya watu kama ule weusi utatoka. Na huyo ni mjane wa dereva wa malori, mtu aliyeendesha miaka ishirini na saba, na miaka sita ya mwanzo mama mkwe alikuwa anasafiri naye humo humo ndani ya lori, kwa hiyo weusi wa kucha aliujua vizuri. Baba mkwe alipofariki, miezi miwili baada ya ile turbo kufa, mama akahamia kwetu, akawa anakaa kwenye kiti cha sebuleni anautazama ukuta kutwa nzima. Mume wangu akaniomba niwe natoka naye kwenye pikapu, wiki moja tu, apate upepo. Nikapiga hesabu, nikaona nahitaji mtu wa kuhesabu boksi zikishuka na kupokea sahihi ya mteja, nikasema sawa, wiki moja.

Sasa ona hali ilivyokuwa, Shangazi. Mlango wa abiria ulikuwa haufunguki kwa ndani, kishikio kilivunjika kabla hata sijalinunua gari, abiria hashuki mpaka mtu azunguke amfungulie kwa nje. Tunafika kwa mteja, mafundi wake wanaanza kushusha boksi huko nyuma, mimi nimefungwa na mguu wangu kwenye breki, yeye amefungwa na mlango. Anashusha kioo, anatoa mkono wote mpaka begani, na kila boksi likishuka anapiga bati la mlango kwa kiganja, moja, mbili, tatu, mpaka mzigo uishe. Dakika tatu, wanawake wawili wasiopendana, na injini.

Wiki ya kwanza hatukusema kitu. Ya pili pia. Wiki moja ikazaa nyingine, nami sikumrudisha nyumbani kwa sababu, sema utakavyosema, hesabu ya boksi haikuwahi kupotea hata kigae. Wiki ya tano, tumesimama kwa mteja, akasema bila kunitazama kwamba gari langu linakohoa. Nikamuuliza linakohoaje. Akasema moshi mweusi maana yake hewa haba, mweupe wakati injini imeshapata moto maana yake dizeli inapita bila kuungua au maji yameingia, wa buluu maana yake injini inakunywa oili yake yenyewe, na wangu ni mweusi, kwa hiyo niende nikatazame filta ya hewa badala ya kutazama kioo. Nikaitazama filta. Ilikuwa imejaa vumbi kama mfuko wa saruji.

Kuanzia hapo hatukunyamaza tena. Kuna siku tumefika nusu ya mlima, nguvu ikakatika ghafla, ukikanyaga mafuta unasikia pumzi tu, fuuu, na moshi mweusi nyuma. Akaniambia nisizime, nifungue boneti. Bomba la mpira linalopeleka hewa kutoka kwenye turbo lilikuwa limepasuka urefu wa kidole. Akavua kitambaa chake cha kichwani, tukalifunga mizunguko saba, tukaendesha kilomita kumi na moja hivyo hivyo, yeye kichwa wazi, upepo unamchezea mvi, anacheka kama msichana aliyetoroka shule. Masikio alipokifungua kile kitambaa alimuuliza nani kafunga. Akajibu, "Mimi na mwanangu." Shangazi, miaka mitatu na nusu nilikuwa naitwa "mke wa mwanangu." Siku ile nikawa mwanangu.

Humo ndani ya kebini nimesikia mambo ambayo hata mume wangu, aliyetoka tumboni mwake, hayajui. Nilipopoteza mimba ya pili, mtu wa kwanza kumwambia hakuwa mume wangu, alikuwa yeye, kituo cha tatu, nje ya ghala la saruji, na yeye akaniambia zake. Hilo nisiliandike zaidi. Lakini siku nyingi zilikuwa za kucheka. Wateja wanaoweka vigae vyeupe jikoni huwa ana jina lao, anawaita watumwa wa dekio. Na ana hadithi, ananipa kwa vipande, dakika tatu dakika tatu, injini ikizimwa na yeye anazima, hata umsihi vipi. Ya mwisho ilikuwa ya mshona viatu aliyemtaka yeye kabla hajaolewa na dereva. Yule mshona viatu alimpima mguu, akamshonea kiatu kimoja tu, cha kushoto, akamwambia cha kulia atakipata siku atakayotoa jibu. Yeye akakaa na kiatu kimoja mwaka mzima. Hatimaye akamkubali dereva, na siku wazee wamekaa sebuleni wanapanga harusi, dirishani akamwona mshona viatu anaingia getini, kiatu cha pili mkononi, anakuja moja kwa moja mlangoni. Hapo dakika tatu zikaisha. Ilikuwa Jumamosi, tarehe tatu, kituo cha mwisho.

Nipige hesabu uone. Vituo sita kwa siku, ni dakika kumi na nane. Siku sita kwa wiki, ni dakika mia na nane. Wiki hamsini kwa mwaka, ni dakika elfu tano na mia nne, yaani saa tisini. Kwa miaka tisa ni saa mia nane na kumi, siku thelathini na tatu na saa kumi na nane, usiku na mchana bila kulala, nimekaa na mama mkwe katika kebini isiyofunguka. Dizeli iliyoungua, kwa kuwa injini ikinguruma imesimama inakula lita sifuri nukta nane kwa saa, nimepima, ni lita mia sita arobaini na nane. Wala sijutii hata tone.

Basi Jumapili ile pikapu ilitimiza kilomita laki tatu, na mume wangu, ambaye ni fundi wa majokofu na hawezi kuona kitu kinacholia au kulegea akakiacha, akasema na yeye anaipa zawadi. Zawadi zikawa tatu kwa mkupuo. Akaweka waya mpya wa breki ya mkono. Akaweka kishikio kipya cha mlango, unakivuta kwa kidole kimoja tu. Na chini ya usukani akafunga taima, ambayo unageuza ufunguo, unautoa, unashuka zako, na injini inabaki ikinguruma yenyewe dakika tatu kamili halafu inajizima. Akatoka chini ya usukani na vumbi puani akasema, "Mke wangu, hata jokofu lina taima, wewe miaka yote unakaa hapo kama mlinzi." Nikasema asante. Ningesema nini?

Jumatatu, kituo cha kwanza. Nikatoa ufunguo. Mama mkwe akakishika kile kishikio kipya, akakishika kwa muda, akanitazama, mimi nikawa natazama kioo cha pembeni kana kwamba kuna kitu. Akasema, "Haya, mke wa mwanangu, sasa kila mtu na hamsini zake." Akafungua, akashuka, akaenda kuhesabu boksi huko nyuma kama karani wa bandari. Vituo sita, na hatukupata hata sentensi moja nzima. Njiani wakati tunaendesha hatuzungumzi, hatukuwahi, dizeli ina kelele na mimi nikiendesha naendesha. Leo ni siku ya tisa. Mshona viatu bado amesimama mlangoni.

Jumatano nilichomoa fyuzi ya taima nikasema imeharibika. Mume wangu akaitengeneza kwa dakika nne, anapiga mluzi. Alhamisi nilikitafuta kile kishikio kilichovunjika kwenye pipa la taka, nikakipata, nikakaa nacho mkononi, nikajiona mjinga, nikakirudisha.

Na sasa jambo lenyewe linalonibana. Mume wangu ametuona tukirudi jioni tumenuna wote wawili, akahitimisha kwamba tumechokana, akatafuta dada mmoja aliyekuwa karani wa duka, aanze Jumamosi hii saa mbili asubuhi kukaa kiti cha mama na kuhesabu boksi. Mama abaki nyumbani apumzike. Mama ameulizwa, amesema sawa. Atarudi kwenye kile kiti cha sebuleni, Shangazi, na ule ukuta.

Kwa nini nisiseme? Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Miaka tisa, kila jioni nikiingia ndani nimevua viatu, navuta pumzi nasema, "Leo mama yako kanimaliza," na mume wangu ananikanda mabega na kunipa pole na chai. Ilianza ikiwa kweli, ikaendelea kwa sababu ya chai. Nikimwambia leo kwamba namtaka mama yake kebini, miaka tisa ya pole nitailipaje? Na pili, mimi ni mtu wa hesabu, siwezi kutetea kitu kibovu dhidi ya kitu kizima. Taima ni nzuri kwa turbo. Breki ya mkono ni usalama. Mlango ni mlango. Nitasema ving'olewe kwa sababu gani ya kiufundi?

Nataka jibu la moja kwa moja. Nimwambie mume wangu, nimwambie mama mkwe, ning'oe taima, au ninyamaze? Usinipe methali, ninazo. Gazeti lenu hunifikia Ijumaa saa tano asubuhi, na nataka kulikuta humo jibu lenye kitendo, ili saa sita mchana niwe nimeshaamua, kwa sababu Jumamosi saa mbili kiti kitakuwa na mtu mwingine.

Ni mimi,
Mwenye Pikapu

*

Mwenye Pikapu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, wenzangu wa ofisini wakaacha kazi wakaja kusikiliza, na mmoja ambaye sitamtaja alijifuta machozi akadai ni vumbi. Pole sana. Na sasa kaa vizuri kwenye kiti chako, kwa sababu pole imeisha.

Wewe ni mwongo. Mwongo mzuri, mwongo wa kupendeza, lakini mwongo, na nitakuonyesha kwa hesabu kwa kuwa ndiyo lugha unayoiheshimu. Masikio alikuambia nini? Ukishapanda na tani nzima. Umeyaandika mwenyewe, neno kwa neno, ukajisifu kwamba unayakumbuka. Nilimfuata dereva wa gari la gazeti letu, mtu wa miaka mingi kwenye dizeli, nikamuuliza kuhusu turbo. Akaniambia ukitoka mlimani na mzigo mzito, dakika mbili tatu ni sawa. Ukiwa umeendesha taratibu mjini, sehemu tambarare, nusu dakika mpaka dakika moja inatosha, maana zile mita za mwisho za kuingia kwa mteja zenyewe zimeshaipoza. Je, vituo vyako vyote sita viko juu ya mlima? Lile ghala la saruji liko mlimani? Mwanamke anayepima dizeli ya kunguruma mpaka nukta nane, anayemwaga oili kwa elfu tano, anayejua boksi lina kilo ngapi, atachoma lita mia sita arobaini na nane na asijue kwamba nyingi zake hazikuhitajika? Ulijua. Umejua miaka mingi. Hukuwa unaipoza turbo, mama. Ulikuwa unakaa.

Na usidhani umedanganya peke yako.

Rudi kwenye barua yako. Mlango haufunguki kwa ndani, abiria hashuki mpaka afunguliwe kwa nje. Sawa. Halafu mama mkwe anashusha kioo, anatoa mkono wote mpaka begani, anapiga bati la mlango. Bati la mlango, kwa upande wa nje. Sasa niambie, kile kishikio cha nje cha pikapu yako kiko wapi, juu ya paa? Kiko pale pale, kiganja kimoja kutoka anapopigia. Kila abiria wa gari bovu duniani anajua kushusha kioo, kutoa mkono na kujifungulia. Na huyu si abiria wa kubahatisha, huyu ameishi ndani ya lori miaka sita, amesoma moshi wako kwa rangi, amefunga bomba la turbo kwa kitambaa cha kichwani. Miaka tisa mkono wake umekuwa ukipita karibu na kile kishikio, vituo sita kwa siku, boksi baada ya boksi. Hakukigusa hata siku moja.

Piga hesabu hiyo, ewe bingwa wa hesabu. Mimi nimejaribu, nikashindwa kwa kucheka.

Kwa hiyo mume wako hakuvunja kitu. Maskini ya Mungu, ametengeneza vitu vitatu kwa mikono yake na vyote vinafanya kazi. Alichofanya ni kuwanyang'anya visingizio vyenu viwili, cha kwako na cha mama yake, siku moja. Kabla ya hapo mlikuwa mnakaa kwa sababu ya ufunguo na mlango. Sasa mkitaka kukaa, mmoja wenu itabidi aseme. Na mama mkwe alikutazama wewe, mkono kwenye kishikio kipya, akangoja. Alikishika kwa muda, umeandika mwenyewe. Wewe ukatazama kioo cha pembeni. Ndiyo maana umerudi kuitwa mke wa mwanangu, na ulistahili. Ile "kila mtu na hamsini zake" haikuwa furaha ya mtu aliyefunguliwa, yalikuwa maneno ya mtu aliyengoja aambiwe neno moja na hakuambiwa.

Ulitaka kitendo. Nakupa, na usikipunguze.

Taima usiiguse, na fyuzi achana nayo. Siku ukiwa na haraka kwa mteja au mvua ikinyesha itakufaa, na mume wako aliifunga kwa upendo akiwa amelala kwenye vumbi. Breki ya mkono vilevile, umshukuru mara ya pili, safari hii kwa moyo.

Leo hii, Ijumaa, kabla hujafungua duka baada ya chakula cha mchana, mwambie mume wako. Usimwandalie hotuba. Mwambie hivi: "Ile pole yako ya jioni naipenda, lakini mama yako hajawahi kunichosha tangu mwaka wa nne wa ndoa yetu. Namtaka kwenye kiti chake." Atakasirika kidogo, atacheka sana, na kama ni mtu yule niliyemsoma kwenye barua yako, atataka kujua mnazungumza nini mle ndani. Usimwambie yote. Hasa yale ya ghala la saruji, siri ile ni ya mama yake kuitoa au kukaa nayo, si yako. Kuhusu chai na kukandwa mabega, omba viendelee. Mtu aliyebeba vigae kutwa hahitaji kumsingizia mama mkwe ili akandwe.

Yule dada karani usimfukuze, kaahidiwa kazi na yeye ana nyumbani kwake. Kwa siku mnafikisha mizigo kwa watu sita, na ukiwa barabarani duka linabaki na nani? Mwache aanze Jumamosi saa mbili, dukani, ahesabu vigae vinavyoingia na kutoka. Wewe mwenyewe utashangaa ulikuwa unaendeshaje bila yeye.

Na mama mkwe. Huyu usimwambie sebuleni, ukuta ule umeshasikia mengi. Jumamosi mwambie apande kama kawaida. Mkifika kituo cha kwanza, geuza ufunguo, utoe, uuweke juu ya dashibodi, aone. Injini itaendelea kunguruma yenyewe. Mafundi wataanza kushusha boksi huko nyuma. Atakishika kile kishikio. Hapo sasa usitazame kioo cha pembeni, wala saa, wala geji ya joto. Mtazame yeye, na useme, "Mama, usishuke." Maneno mawili. Umewahi kusema magumu zaidi, nje ya ghala la saruji.

Akikuuliza kwa nini, usimtajie turbo.

Hujui kama atakubali, na mimi sijui, lakini kwa mujibu wa hesabu zako mwenyewe, mwanamke huyo alishakubali zaidi ya mara elfu kumi na sita. Vituo sita, mara siku mia tatu, mara miaka tisa. Nimepiga mara mbili kuhakikisha.

Sasa na mimi nina dai langu, maana umenifanyia jambo baya ambalo hujalitambua. Ofisi nzima haifanyi kazi. Mpiga chapa anasema mama mkwe wako alikivaa kile kiatu cha pili, mhasibu anasema alimrudishia na kile cha kushoto, dereva wetu anasema dereva hawezi kushindwa na mshona viatu, na wameanza kununiana. Nataka jibu la moja kwa moja, si methali, kabla ya Jumatatu saa nne asubuhi. Wazee wamekaa sebuleni, mshona viatu yuko mlangoni, kiatu cha kulia mkononi. Alibisha hodi, au hakubisha?

Shangazi wa Ukurasa wa Saba